Ng'ombe Namba Thelathini na Moja

Nyumbani,
Jumatano, 10 Juni

Binti yangu,

Desturi kwanza: mimi mzima, ng'ombe mzima, ndama mzima. Wewe sikuulizi, maana jana sauti yako niliisikia mpaka kwenye mabanda ya kuku.

Simu zako sipokei, usijichoshe. Dereva wa lori la majani atakuletea barua hii hukohuko kwenye maonyesho, akukabidhi mbele ya waamuzi wenzako wenye makoti meupe.

Umenivua nguo. Miaka kumi na saba naingia uwanja ule, na mara tatu ng'ombe wangu amewashinda wote kwa maziwa. Jana unamshika ng'ombe wangu Bibi Harusi kiwele, unaminya mara moja, unawageukia watu: "Huyu hakukamuliwa jana jioni. Mwenyewe amedanganya. Atoke." Hukunivuta pembeni. Hata baba hukuniita, uliniita mwenye ng'ombe namba thelathini na moja. Nimemtoa ng'ombe wangu katikati ya watoto wa shule na wauza matikiti, wananipigia miluzi. Asante ya punda ni mateke, na punda huyu nilimsomesha mwenyewe.

Baba yako


Uwanja wa maonyesho,
Alhamisi, 11 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na magoti hayakukusumbua njiani. Mimi sijambo, ila usingizi sina.

Kanuni unaijua. Jioni ya kuamkia kupimwa, kila mtu amkamue ng'ombe wake mpaka tone la mwisho, kisha atie sahihi. Wewe ulitia. Nami nikakuta kiwele kigumu kama tofali, maziwa yanadondoka yenyewe. Nani alinifundisha kwamba ukikuta hivyo, mtu amelimbikiza ya jana ayapime leo? Nilikuwa na miaka tisa. Ulinishika mkono ukauweka kwenye kiwele cha ng'ombe wa jirani, ukasema, "Mwizi wa maziwa hujificha hapa."

Angekuwa mtu mwingine ningemtoa. Ningekuacha wewe, wangesema mashindano haya ni ya mwamuzi na baba yake. Nimeona aibu, baba, na aibu hiyo umenipa wewe. Kamati inataka kuandika jina lako kwenye ubao wa getini, usishiriki kwa miaka mitano. Kama una la kujitetea, liseme kabla ya Jumapili. Kama huna, omba radhi.

Binti yako


Nyumbani,
Ijumaa, 12 Juni

Mwamuzi,

Shikamoo yako nimeiona. Marahaba yangu ngoja kwanza.

Mimi niombe radhi? Haya, nakuambia, na nakuambia ili likuchome, si ulitangaze. Vidole vyangu havikunjiki. Mwaka wa pili huu. Barua hii nimeianza asubuhi na sasa ni saa tisa. Kila siku naminya nilichoweza, halafu namfungulia ndama amalizie, na hakuna ajuaye. Sasa kanuni zenu zikasema ndama asilale na mama yake siku ile, nikampeleka kwa jirani. Nilikaa chini ya ng'ombe yule tangu saa kumi jioni mpaka giza likaingia, nikapata nusu ndoo. Nikatia sahihi, ndiyo. Ulitaka niandike nini?

Mwaka huu umekuja nyumbani mara mbili. Umekunywa chai, umetazama simu, umeondoka. Kiwele cha ng'ombe umekijua kwa kugusa tu, mikono ya baba yako hujaiona.

Waache waandike jina langu. Mwongo watu humsema, wakachoka. Lakini mfugaji asiyeweza kukamua ni nani? Ukimwambia hata mtu mmoja, usinihesabu tena kuwa mzazi wako.

Baba yako


Uwanja wa maonyesho,
Jumatatu, 15 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Mikono inaendeleaje? Nimelia mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Nisamehe.

Jana ilikuwa siku ya kufunga. Nilipita getini, nikakuta jina lako limeandikwa, rangi bado mbichi. Nilishindwa, baba. Nilikwenda kwa kamati nikawaeleza yote. Nilidhani yataishia mezani. Mwenyekiti akachukua kipaza sauti akauambia uwanja mzima. Watu walisimama wakapiga makofi, na majirani zetu waliokuwa karibu na banda la mahindi walitoa leso wakajifuta machozi. Jina limefutwa. Wamekutolea cheti cha heshima, dereva anakuletea.

Najua ulinikataza. Lakini mwongo nilikuita mimi, mbele ya watu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nijibu, hata kama ni kwa tusi.

Binti yako


Mjini,
Jumatano, 24 Juni

Baba,

Shikamoo. Dereva anasema cheti ulikipokea, ukakiweka juu ya kabati. Anasema hujambo. Nataka kusikia kwako mwenyewe.

Binti yako


Nyumbani,
Jumamosi, 4 Julai

Binti yangu,

Sijambo. Umeomba tusi, sina.

Uliponiita mwongo, watu walikuja kunicheka. Niliwafukuza kwa fimbo, nikala, nikalala. Sasa wanakuja kunisaidia. Alfajiri namkuta mke wa jirani zizini na ndoo yake, jioni anakuja seremala. Wamepanga zamu, wakaja kuniambia baada ya kupanga. "Pumzika, mzee," wanasema. Nakaa kwenye kigoda kando ya ng'ombe wangu mwenyewe, nawasifia. Wanamkamua vibaya, na Bibi Harusi anawavumilia kama mimi. Juzi seremala aliona shati langu liko wazi, akanifunga vifungo mbele ya mkewe. Sikumwomba. Nilisimama tu akafunga mpaka cha shingoni.

Kila anayepita ananiambia nina binti mwema, nami naitikia. Utakuwa mwema kweli, sibishi.

Likizo yako isikulete huku. Uani kwangu wamejaa watu wema, sina pa kumweka mwingine.

Marahaba.

Baba yako