Jina la Mkwe Darasani

Chuoni, Jumapili ya mvua

Dada yangu Monika,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji, na nguruwe wako pia, maana najua wasiposalimiwa unanuna. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa gari la kahawa ilifika, au kajichua mwenyewe? Mimi mwili mzima, ila tangu barua yako ifike usingizi sina. Mvua haikomi, udongo umeporomoka tena kwenye barabara ya kwenu, ndiyo maana naandika badala ya kuja. Nadanganya. Hata barabara ingekuwa nzuri, nisingekuja.

Barua yako nimeisoma. Umesema Delma amekutia aibu: miaka mitatu umelima na kuchuma kahawa asome ualimu, na sasa amekuja kwako mikono mitupu, anasema hesabu zilimshinda. Umesema humsemeshi, mnapika jiko moja kama wageni. Umenisihi mimi mjomba wake nimkemee. Dada, kaa chini kwanza.

Unaujua mpango wangu, nilivyokuwa nauringia kila nikija. Walimu tulikuwa tunawafundisha hapa, tukiwapeleka milimani wanakaa miezi miwili, haooo, wanakimbilia mjini. Nikasema basi, kila mwanachuo akafanye mazoezi pale atakapoishi, kwa lugha ya watoto wa pale. Wafadhili wakapiga makofi. Wakataka na fomu ya kuwapimia, nami nikaiandika kwa siku mbili, sehemu kubwa nikinakili vitabu vya ughaibuni. Kipengele cha saba kinasema mwalimu amwite kila mtoto kwa jina lililo kwenye daftari la mahudhurio. Ukipata sifuri popote, umeanguka fomu nzima. Niliona ni jambo dogo. Nani atashindwa kuita majina?

Wanawake walioolewa niliwapeleka kwa wakwe zao. Mimi huyu, mtoto wa mama yetu, aliyekufa hajatamka jina la baba mkwe wake! Na kwa kuwa jina lile lilikuwa pia la mto, akitutuma alisema tukachote "kule kwenye maji yale". Nilisahau vipi? Sijui, dada. Kusoma sana nako kuna upumbavu wake.

Mkaguzi wa Delma aliugua, nikaenda mimi, pamoja na mgeni kutoka makao makuu huko mjini Mosbi, Bwana Lohia, mtu wa pwani. Njia nzima ananichokoza, "Leo tunampima mwalimu au tunamtembelea mpwa? Nyinyi wa milimani kwa kubebana, hamjambo!" Nikacheka, lakini yalinichoma.

Darasa la Delma ungeliona ungelia kwa furaha. Watoto sitini kwenye sakafu ya udongo, wanahesabu kwa mbegu za kahawa, mpaka wakawa wanasahihishana wenyewe. Nimefundisha walimu miaka kumi na tisa, sijaona kama lile. Sasa mle ndani alikuwamo mtoto wa shemeji yake, Kaupa, aliyepewa jina la babu yake, yaani baba mkwe wa Delma. Delma alipofika kwake alisema "Babu Mdogo", mtoto akaitika kwa nguvu, wenzake wakacheka, kazi ikaendelea. Mzee Kaupa mwenyewe alikuwa nje, karibu na dirisha, anagongomea uzio wa shule.

Bwana Lohia akaninong'oneza, "Huyo Babu Mdogo simwoni kwenye daftari." Nikasimama, nikamwambia Delma aite jina kama lilivyoandikwa. Akaniangalia. Nikarudia, kwa sauti ya ofisini. Akasema polepole, "Mjomba, unajua." Nyundo nje ikanyamaza. Angelitamka, angemvunjia mkwe heshima mbele ya wajukuu, na ndoa yake sijui kama ingepona. Akainamisha kichwa, jina hakulitaja, mpaka mimi nikachoka kusimama. Nikaketi, nikaandika sifuri.

Ndiyo, dada, ni mimi. Hesabu hazikumshinda; hesabu ndizo alizokuwa anafundisha siku hiyo. Sababu niliijua, ningeweza kuiandika pembeni kwa mistari miwili. Niliogopa kuambiwa nambeba ndugu, nikamtupa ndugu ili nionekane msafi. Nimeiandikia bodi ya chuo nikiomba matokeo yafutwe. Wamenijibu kwa adabu kwamba fomu ni yangu, saini ni yangu, na mkaguzi hawezi kukata rufaa dhidi yake mwenyewe. Darasa lile halina mwalimu mpaka leo, watoto wako mashambani.

Siku ya matokeo nilimfuata Delma, nikamwambia nitakuja kukueleza wewe ukweli. Akanikataza. Alisema, "Usiseme, mjomba. Mama ana ndugu mmoja tu duniani. Mimi ni mwanawe, atakasirika, yatapita. Wewe akikukosa, kwao atabaki na nani?" Nami nikakubali, dada. Nilishukuru hata. Miezi minne nimekula na kulala juu ya maneno ya mtoto, wewe ukimnunia yeye.

Sasa nimevunja ahadi niliyompa. Msemeshe leo, kabla hujaikunja barua hii. Mimi usinijibu mpaka moyo wako upoe, na usipopoa, sitakuja kugonga mlango. Msalimie shemeji na majirani wote wa pale kanisani, na ujitunze na baridi.

Ni mimi mdogo wako, kama bado unanihesabu,

Siune