Supu Yangu Kwenye Friji ya Mtaa

Baba watoto, na wewe binti yangu unayejifanya hujui kitu,

Nimerudi kumalizia zamu kwenye friji ya mtaa, pale watu wanapoacha chakula achukue yeyote anayehitaji. Wali uko kwenye sufuria, upasheni moto. ~~Msinibakizie.~~ Nibakizieni kidogo.

Sasa tuongee. Asubuhi nimefungua friji niweke mikate tuliyopewa na mwokaji, nikakuta nini rafu ya juu? Supu yangu ya malenge, ile mliyoisifu jana mpaka nikaona haya. Bakuli langu lenye mfuniko wa kijani, na karatasi yenye mwandiko wako, Baba watoto: "Nzima kabisa. Chukueni yote."

Nilinuna. Nilitaka kuirudisha nyumbani niwanyweshe kwa lazima. Kabla sijaigusa, fundi viatu akaichukua, akainywa palepale amesimama, akakomba bakuli kwa mkate. Akauliza nani kapika. Nikamwambia ni mimi.

"Dada," akasema, "kesho nakuja na bakuli kubwa."

Kwa hiyo yale malenge mawili chini ya meza, myamenye yote. Supu ni ya fundi viatu. Ninyi hampati hata kijiko, na msijifanye kusikitika.

Mama, mpishi wa mtaa