Ukuta wa Nyuma

Rumonge, Julai 1962

Dada yangu mpenzi Mwanahamisi,

Assalaam aleikum. Sisi huku tuko na amahoro, tuko salama, Mungu ashukuriwe. Habari za Kigoma? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepoa?

Dada, ile safari ya kuja kumchukua Mama, iache. Usikate tikiti ya meli. Najua barua yangu ya mwisho niliandika nikilia: kwamba tangu Baba afariki Mama yuko kwenye eda, kila sahani ninayompelekea inarudi kama ilivyokwenda, na naye tutamzika. Wallahi niliogopa.

Nilimlaumu Mbelgiji, na bado namlaumu. Unakumbuka kule ziwani tulikozaliwa, nyua zilivyofunguana, wanawake wakipita na vyungu vyao bila kukanyaga barabara? Akatuhamishia huku juu, nyumba zimenyooshwa kwa kamba, kila ua na ukuta wake, mlango mmoja tu wa mbele, na anayetoboa ukuta analipa faini, hiyo amande yao. Mashoga wa Mama wakawa wageni: wanavaa, wanabisha, wanatoa pole, wanaondoka. Mtu wa eda azungumze na nani?

Basi juzi, uhuru tumeshapata, bendera yetu iko juu, nikaingia uani ghafula. Lo! Mkeka ulioning'inia ukutani ukasogea, akatokea Domitille, yule mwanamke Mkristo wa Bukavu anayekaa nyuma yetu, na sufuria ya sombe, kisamvu chenu hicho, mkononi. Nyuma ya mkeka kuna tundu la kupita mtu mzima! Nikamwambia asante, murakoze, uhuru ameutumia vizuri. Akacheka mpaka akaketi chini. Akasema uhuru gani, hilo tundu liko tangu mwezi wa nne, na si yeye aliyeanza. Alikuwa akianika samaki wake wa ndagala, akasikia mchi upande wetu, akadhani Mama anatwanga. Mara tofali likaangukia ndagala zake, na mkono wa Mama ukafuata, unampungia.

Mama yetu, dada! Yule ambaye akiona askari anajificha nyuma ya Baba! Bendera ya Mbelgiji ingali juu, yeye anatoboa ukuta. Na sahani zangu zilirudi kwa sababu alikuwa ameshiba. Nilipomuuliza kwa nini alinificha, akasema mdomo wangu haukai.

Nimekasirika, nimecheka, nimelia, sasa nimepoa. Eda imekwisha jana. Shemeji na watoto uwafikishie salamu zetu, na wadogo uwabusu.

Mama naye anakusalimu sana. Anasema ukija, uje kutembea tu, wala usibishe mlango wa barabarani. Pitia kwa Domitille.

Ni mimi mdogo wako,
Sharifa