Matanga ya Msimu

Busia,
Jumapili jioni.

Baba yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu, na ya Mama umpe mkononi. Hamjambo huko Wundanyi? Goti la Nyanya linasemaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila kwikwi za hapa na pale, nami husema ni Nyanya ananitaja. Joto la huku limenikausha lakini nala vizuri. Samaki wa Sio Port, kule ziwani, nimewazoea hata miiba hainitishi tena.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Baba, kila nikikupigia na kutaja mpira, mtandao wa Wundanyi hupotea ghafla. Nikitaja mitihani, unarudi. Ndiyo maana safari hii nimeshika kalamu. Karatasi haikatiki.

Siku naondoka kuja chuo uliniambia, "Wakesho, cheza mpaka umalize chuo, basi." Neno hilo nimelishika. Huu ni mwaka wangu wa mwisho, na ligi ya vyuo vya huku magharibi niliisubiri kwa hamu, maana baada yake ningevua viatu. Basi kabla hata ya mechi ya kwanza, kamati ya ligi ikatuma barua: wakubwa wameshindwa kuelewana, msimu umefutwa, na timu itakayocheza mechi kwa jina la chuo itafungiwa. Nililia mpaka wenzangu wa chumbani wakadhani nimefiwa nyumbani.

Nahodha wetu ni kipa, anaitwa Ajiambo, mzaliwa wa Sigalame, msichana mrefu ambaye mdomo wake hauna breki. Alimpigia nahodha wa chuo cha Malaba, akamkuta naye analia. Wote tulitaka kucheza, hakuna aliyejua tutachezaje. Mwalimu wetu wa michezo alisema mikono yake imefungwa. Ndipo Ajiambo akamuuliza:

"Mwalimu, hiyo barua inasema msimu umefanya nini?"

"Umefutwa."

"Si ni kusema umekufa?"

"Haya, sema umekufa."

"Sasa sisi kwetu mtu akikufa hatunyamazi tu hivi. Tunamlilia, na kama alikuwa wa mpira, vijana wanamchezea mpira ndio matanga iishe. Barua imekataza mechi. Imekataza matanga?"

Mwalimu alikuna kichwa, akacheka, akasema yeye hajasikia kitu, ila Jumamosi huenda akapita uwanjani kutoa rambirambi.

Tukapatana hivyo. Hakuna jezi za chuo. Wa Malaba wafunge kitambaa cheusi mkononi, sisi cheupe. Tutacheza kwenye uwanja wa shule ya msingi ulio kando ya barabara ya malori. Ajiambo akawaomba watu wa bodaboda watangaze: Jumamosi, matanga ya Msimu. Kosa liliingia hapo, maana bodaboda wa huku hawabebi habari bila kuiongezea mzigo.

Jumamosi tukiwa tunapasha misuli, nikaona akina mama wanakata uwanja kuja kwetu. Wametoka Bumala, wamejifunga leso, kuni kichwani, wana sufuria kubwa, kuku na ngoma. Wa mbele, mama mmoja mwenye sauti nene, alikuwa ameshaanza kulia tangu barabarani: "Uuuwi! Msimu ametuacha!" Wenzake wakamwitikia. Alipotufikia alifuta machozi, akatazama huku na huku.

"Wasichana, poleni sana. Maiti iko wapi?"

Ajiambo, yule asiyekosa neno, alinisukuma mbele.

"Mama, hakuna maiti," nikasema mimi.

"Bado haijatoka mochari?"

"Msimu si mtu, mama. Ni msimu wa mpira. Umefutwa."

"Ai! Huko stage ya bodaboda wametuambia ni msichana. Ati Msimu, msichana wa chuo, alikuwa anacheza mpira mzuri sana!"

Nilijua sasa tutatukanwa, na ingekuwa haki yetu. Mama alitutazama, vitambaa vyetu mkononi, macho yetu mekundu.

"Na nyinyi mlikuwa mnamngojea huyu Msimu?"

"Mimi ndio mwaka wangu wa mwisho, mama. Sitamwona tena."

Akatua kuni zake chini. "Basi ni kifo. Lete huo mpira."

Aliuweka katikati ya uwanja, akafungua leso yake, akaufunika. Wenzake wakauzunguka, wakaimba kwa lugha yao. Sikuelewa neno hata moja, Baba, lakini mwili ulinisisimka wote. Wasichana wa Malaba wakaja, tukashikana mikono. Kule barabarani madereva wakazima injini na kuvua kofia, wakidhani ni maziko ya kweli. Wachuuzi waliokuwa wanarudi Uganda wakatua mizigo yao, na mmoja akawa anarudia tu, "Bambi! Bambi!" kwa huruma. Nimeona mazishi mengi, lakini sijawahi kuona watu wakiupa mpira heshima ile. Nilistaajabu mno. Nikajiambia, kumbe kitu hiki ninachoogopa kukitaja kwa simu, watu wazima wanaweza kukivulia kofia.

Wimbo ulipokwisha, mama akachukua leso yake, akapiga kigelegele. "Haya, mchezeeni!"

Tukamchezea. Ngoma ilikuwa inalia, malori yanapiga honi, na wale akina mama, ambao hawakujua timu ni ipi, walishangilia kila bao na kila mpira uliotoka nje. Tulifungwa mawili kwa moja. Hilo moja ni langu, la mguu wa kushoto, ule unaoniharibia viatu na kukukasirisha. Mwalimu alikuwepo, anafuta miwani kila wakati. Kisha kuku wakapikwa, tukala pamoja, kwa sababu matanga ni matanga.

Mzee Mwakio aliyekuletea barua hii ni dereva wa lori wa Voi. Alisikia Ajiambo akifoka, "Wakesho, rudi nyuma!" akaja kuuliza mimi ni Mtaita wa wapi. Sitaki kujisifu. Mpe chai, umuulize yeye alichokiona.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kati ya watu wa Uganda alikuwapo mama mmoja anayefundisha timu ya wanawake huko Tororo, ng'ambo tu ya Malaba. Aliniita kando: "Ukimaliza chuo, kuja tucheze na wewe." Kazi pia nimeahidiwa, kwa mawakala wa forodha hapa Busia, ile niliyoisomea, kwa hiyo sitakuwa mzigo kwa mtu. Nilimjibu siwezi kusema ndiyo kabla sijamuuliza baba yangu. Akasema, "Mwulize vizuri."

Nisalimie Mama, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii miwani yako ikiwa imepotea tena. Nisalimie na Nyanya, mwombezi wangu. Na shangazi, fundi wa nguo, mwambie ile bukta aliyoikata kutoka sketi ya kanisa ndiyo iliyofunga bao. Ajiambo anakusalimu, anasema ana neno na wewe.

Baba, uliniambia nicheze mpaka. Nimeishi mpakani miaka yote hii, kila siku nayaona malori. Huku mpaka si mwisho wa safari. Lori linafika, linasimama, linakaguliwa na mwenye mamlaka, kisha analifungulia lango, linavuka.

Nami nimesimama, Baba. Nikague.

Binti yako aliye kwenye foleni,
Wakesho