Kibuyu Kilichorudi Kitupu

Mama,

Ni mimi, mke wa mwanao, yule uliyekuwa unamwambia anaongea mbio kama mvua ya hapa kwetu Kimulot. Najua waliolala katika Bwana wamepumzika. Ndivyo ninavyoamini. Lakini mbona kila alfajiri nasikia fimbo yako kwenye njia ya majani chai, halafu kile kikohozi chako cha kupiga hodi, halafu kimya? Unafika kwenye waya unasimama. Mbwa naye anaenda pale, anatingisha mkia. Hakuna mtu.

Huo waya haukuwepo ulipokuwa hai. Ni wa Mama Cherono, jirani yetu. Tulipomaliza kukuzika aliifunga ile njia inayopita shambani kwake. Sasa tunabeba majani kwa kuzunguka mbali, tukifika kituo cha kuuzia chai yameshashika joto guniani, karani anayakataa. Nilikasirika, Mama. Nikampigia kelele hapo kwa ua. Akanijibu tu, "Si nyinyi mlishamalizana na mimi."

Sikuelewa. Niliomba, hata nikafunga. Kisha siku moja nikipangusa vibuyu vyako vya maziwa, sotet zako, nikashika kichwa. Wakati wa matanga Mama Cherono alituletea sotet imejaa mursik, maziwa yaliyolala yakaiva. Mimi nikairudisha tupu. Tena nimeisugua na sabuni! Nilidhani ni usafi. Mkaa wote alioupaka ndani kwa mkono wake niliutoa, na badala yake sikuweka hata tone. Kumbe kwake hiyo ilikuwa kusema tumemalizana.

Redio ikitaja mabalozi ulikuwa unacheka, "Hao wanavaa tai. Mimi nabeba sotet." Ulienda kwa waliokosana, ukanywa nao, ukauliza habari za ng'ombe, ukarudi bila kutaja ugomvi. Mimi nikifikiri umesahau ulichotumwa. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Basi nilichoma kijiti cha mti wa senetwet, nikapaka mkaa wake ndani ya sotet vile ulinionyesha, nikaweka maziwa yakalala mpaka yakaiva. Jana nikampelekea. Nikamuuliza habari za ndama. Nikamuuliza kama mguu bado unamsumbua. Njia sikuitaja. Ulimi uliniwasha, Mama, lakini sikuitaja. Akaonja, akafunga macho, akasema polepole, "Huyu mama bado yuko."



Leo alfajiri fimbo imekuja tena. Nikangoja isimame kwenye waya. Haikusimama. Ilipita, ikaenda, ikaenda, mpaka sikuisikia tena. Kulipopambazuka nikatoka. Waya umefunguliwa, umekunjwa vizuri kando ya njia. Na juu ya kigingi, sotet yangu. Nimeiinua kwa mikono miwili. Ni nzito. Imejaa.

Nimelia hapo hapo, na kikapu mgongoni.

Sasa lala, Mama. Usiamke tena kwa ajili yangu, hata kama nitatamani kukusikia. Chombo cha mtu hakitatoka kwangu kitupu tena. Na nitajaribu kuongea polepole. Bwana akushike mpaka tuonane.

Binti yako kwa ndoa