Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 13 Julai 1953
Gundi ya ngozi imechemka tena, karakana yote inanuka. Ubao wa tatu umekauka. Ni fito nyembamba za mianzi, tabaka juu ya tabaka, zimebandikwa. Mwepesi kuliko ubao wowote wa hapa Isansa. Mimi ni fundi, bwana.

Harusi ya shemeji yangu Neema ni tarehe mosi. Mama mkwe ana goti bovu, na kanisa liko nyuma ya kilima. Machela hataki, anasema hiyo ni ya maiti. Nimeahidi kiti juu ya ubao huu, cha kubebwa mabegani na watu wanne. Kikishindikana, Neema anaolewa bila mama.

Alhamisi, 16 Julai
Nimeupakia ubao gunia la kahawa. Haukuvunjika. Ulijisokota! Kona moja chini, nyingine juu, gunia likateleza likaniangukia mguuni. Nani amewahi kumwangusha mama mkwe mbele ya kwaya?

Jumamosi, 18 Julai
Nimetengeneza vibao vidogo vya kupimia. Nabana ncha moja, natundika mawe ncha ya pili, nachora chaki ukutani pale kona zinaposhuka. Fito zikinyooka, kibao kinashuka sawasawa ila kinapasuka kwa urefu. Fito zikilala mshazari, hakipasuki, kinajisokota. Nimeongeza tabaka. Bado kinajisokota. Kimoja nimekirusha ng'ambo ya ua kwa hasira.

Jumanne, 21 Julai
Ng'ambo ya ua ni kwa mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala kusemezana. Akiwa na neno juu yangu humwambia kuku wake mweupe, kwa sauti ya kutosha. Leo alikuwa anasuka mkeka.

"We kuku, umeona wapi mkeka ambao ukindu wote unaelekea upande mmoja?"

Nimesimama na brashi ya gundi mkononi. Fito zangu zote zimelala mshazari wa kulia. Mikeka nimeilalia tangu kuzaliwa! Aibu tupu. Furaha pia.

Ijumaa, 24 Julai
Tabaka moja kulia, la pili kushoto. Kibao kimekauka kikajikunja chenyewe, hata kabla ya mawe. Nimepanga upya kuanzia katikati, kila tabaka la juu liwe na mwenzake chini: kulia, kushoto, kushoto, kulia.

Jumapili, 26 Julai
Kibao kipya kimelala bapa. Nimetundika mawe yote. Alama mbili za chaki zimelingana. Nimecheza peke yangu. Mke wangu Esta ameniona, atanitania mwaka mzima.

Alhamisi, 30 Julai
Ubao mkubwa tayari, kiti kimefungwa juu. Gunia kwanza, kisha Esta juu ya gunia, akicheka. Unanepa, unarudi. Hata hivyo naogopa. Gunia halina binti anayeolewa.

Jumamosi, 1 Agosti
Amefika! Nilitembea nyuma kabisa, macho kwenye ubao tu. Kijitoni mbebaji mmoja aliteleza. Nilishika kichwa. Ubao ukanepa, ukarudi, na mama mkwe hakukatisha hata kigelegele. Neema alilia alipomwona mlangoni. Wageni walizidi, mchuzi ukapungua, hata kuku mweupe hakusalimika.

Jumapili, 2 Agosti
Nimekaa karakanani bila kazi. Chaki bado iko ukutani, sitaifuta. Ng'ambo ya ua mama mkwe anamalizia mkeka wake.

"Nilikaa vizuri," amesema. "Nilikaa vizuri sana."

Nimesubiri kuku alie. Kisha nikakumbuka tulimla jana.

Nimekohoa kidogo. "Ahsante, mama."