Kwaya Yenye Duara Kichwani

Jumatatu, 16 Juni

Nimeipakua ile programu ya picha! Saa tatu nzima. Katikati simu ikadaka mtandao wa Zambia, ikanimalizia bando. Nikatoka nje, nikasogea mpaka kwa Fides muuza vitenge, mtandao wa kwetu ukarudi, nikaanza upya. Siku kumi na nne za bure. Zikiisha wanataka kulipwa, na mimi sina mpango wa kulipa.

Inafanya hivi: kamera inapiga picha tatu za kitu kile kile — ya giza, ya kati, ya mwanga mwingi — halafu kompyuta inaziunganisha ziwe moja. Kivulini panaonekana, juani panaonekana. Kamera inakaa kwenye stendi, unaitegea sekunde kumi, inapiga yenyewe zote tatu. Mkono wangu haugusi kitu!

Mkono. Wa kulia. Unatetemeka tangu Pasaka ya mwaka juzi. Daktari alinitajia jina lake, refu. Sikuliandika na sitaliandika.

Jioni akaja Clement, mwanangu wa kwanza, yule wa kazi za forodha pale mpakani. Anasema fremu hii ya duka aliyoacha marehemu baba yake iko barabarani, ni mali, na mimi nimeigeuza mahali pa kupigia pasipoti mbili kwa siku, moja imetikisika. Mpangaji ameshampata: Osward, wa miamala ya simu. Nikamwambia kwaya yetu inatimiza miaka hamsini na inataka picha ya kalenda, ndani ya kanisa. Kanisa lile limewashinda wapiga picha wote. Madirisha yakionekana, watu wanakuwa mkaa. Watu wakionekana, madirisha yanakuwa maziwa matupu. Nikasema nitapiga mimi, Enesi. Akasema haya mama, kamati ikiipokea picha yako, fremu baki nayo. Ikikataa, Osward anaingia tarehe mosi.

Haya. Tutaona.

Jumanne, 17 Juni

Nimejaribu na mlango wangu mwenyewe. Stendi ndani kabisa, kamera inatazama nje. Macho yangu yanaona vyote, pazia la buluu, kigoda na malori ya foleni barabarani. Kamera siku zote inachagua kimoja. Leo imetoa vyote! Hadi kamba za turubai kwenye lori, hadi doa la chai ukutani. Nilipiga kelele, mteja Mzambia aliyekuwa anasubiri pasipoti akaruka. Mayo, yaani mama kwa lugha yao, akaniuliza, kuna nini? Nikamwonyesha. Akataka na yeye apigwe mlangoni.

Mausi hainitii. Nalenga hapa, kishale kinakwenda kule. Nimegundua vitufe vya mishale kwenye kibodi. Kibonyezo kimoja, hatua moja. Polepole, lakini kinafika.

Alhamisi, 19 Juni

Clement amepita kuuliza kama nimeanza kufungasha. Sijafungasha hata kijiko.

Jumapili, 22 Juni

Nimepiga! Baada ya ibada. Watu thelathini na wawili, sare za zambarau, dirisha kubwa nyuma yao na jua la saa sita. Mzee Ezron, mwenyekiti wa kamati, alisimama na kwaya, mwisho wa safu, amekunja mikono. Brayan wa kwaya ya vijana alikuwa na simu yake mkononi, akisubiri nishindwe. Nikawaambia wanakwaya: mkihema sana mnaharibu. Sekunde kumi. Msitikisike! Na mimi nimesimama pale mikono nyuma, wa kushoto umeushika wa kulia, wa kulia unacheza peke yake. Hakuna aliyecheka. Au walicheka moyoni, shauri yao.

Jumatatu, 23 Juni

Balaa. Nilivuta kidude cha programu cha kuongeza nguvu ya mwanga na rangi mpaka mwisho ili nione kinachofanyika. Nyuso zikawa kama zimepakwa rangi ya mlango. Zambarau ikawa inapiga kelele. Na kila mtu, wote thelathini na wawili, ana duara la mwanga kichwani! Fides alikuwa amekuja kuazima mkasi, akacheka mpaka akakaa chini. Sisi Wakatoliki tunasubiri mtu afe kwanza, akasema, ninyi mmeshakuwa watakatifu na kesho mko sokoni.

Tukiwa tunacheka, hodi. Mzee Ezron. Nikataka kuifunga, mkono ukakataa, kishale kikazunguka. Akaiona.

Akavua kofia. Haleluya, akasema. Utukufu umeonekana! Akasema hii hii, mama Clement, usiiguse, Jumatano ilete kwenye kamati, tumemaliza. Nikamwambia mzee, hii ni makosa, bado sijaitengeneza. Akasema Mungu naye hufanya kazi kwa makosa yetu. Akaondoka anaimba.

Kwa hiyo nimeshinda. Fremu ni yangu. Mbona nimenuna?

Jumanne, 24 Juni

Sikupata usingizi mzuri, nikaamka na marehemu Jonasi kichwani. Ndiye fundi aliyenifundisha picha, kule Vwawa, chumba cha giza, taa nyekundu, maji yananuka siki. Uso ukitaka kutoka mweusi mno unaukinga mwanga kidogo kwa kipande cha kadibodi kwenye waya. Na alikuwa akinifokea: tikisa! Tikisa, binti! Kadibodi ikitulia inaacha duara kichwani. Picha yenye duara aliichana mbele ya mteja. Mwaka wa kwanza alichana zangu sijui ngapi. Nililia, nikajifunza kutikisa.

Miaka arobaini baadaye nilitundike ukutani kwa watu duara lile lile, jina langu chini? Hapana. Hapana!

Nimerudisha nguvu nyuma kwa mishale, kibonyezo kwa kibonyezo, kutwa nzima. Sasa zambarau ni zambarau. Mweusi ni mweusi, mweupe kidogo ni mweupe kidogo. Makunyanzi ya Mzee Ezron yapo. Nje ya dirisha unaona mparachichi, na kwenye mparachichi maparachichi. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu nimepiga nyingi.

Ile nyingine nimeifuta. Halafu nikaifuta na kwenye pipa la taka la kompyuta, nisije nikaingia tamaa.

Jumatano, 25 Juni

Wameikataa.

Wakauliza ile ya utukufu iko wapi. Nikasema nimeifuta. Mama mmoja wa sauti ya pili akalalamika kwamba kwenye hii anaonekana amechoka. Nikamwambia umechoka kweli, una watoto saba na shamba Iyula, na unapendeza. Hakufurahi. Mzee Ezron akasema kwa upole — upole wake ndio ulionichoma — kwamba labda mkono umefika mwisho wake na si aibu kupumzika. Brayan atapiga kwa simu, kuna kitu cha kubonyeza kinachoweka mng'ao.

Nikasimama. Nikasema mkono wangu unatetemeka, macho yangu hayatetemeki. Nikachukua picha yangu nikatoka. Njiani nikalia. Naogopa, naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunionea huruma. Naogopa kukaa nyumbani nikitazama kuku.

Ijumaa, 27 Juni

Wamekuja kupima fremu. Clement, Osward na futi kamba. Osward ana adabu, shikamoo mara mbili. Clement hanitazami. Akaenda kusimama mlangoni kushika ncha ya futi, jua lote la barabara nyuma yake, malori, vumbi, na yeye mwenyewe mweusi tii, hana uso.

Clement, nikasema, hapo hapo. Usitikisike.

Mama, jamani.

Usitikisike! Programu imebakiza siku tatu na wewe sijakupiga.

Akaganda. Ana miaka thelathini na nane, akaganda. Osward akaachia futi, ikajikunja kwa kelele, nikamwelekeza kwenye benchi la wateja, akakaa. Nikaitega kamera. Ikahesabu, ikapiga. Kadi ya kamera niliijaribu mara nne ndipo ikaingia kwenye kompyuta, wote wawili wakasikia inavyogonga. Kompyuta ikachukua muda wake, nikafungua daftari hili.

Imetoka sasa hivi. Malori yapo. Pazia lipo. Na uso wa mwanangu upo, wote, paji la baba yake na kila kitu. Kwenye picha hatazami kamera. Anautazama mkono wangu, kama anaogopa utaumia. Sikujua kwamba anautazama hivyo.

Osward anauliza kwa adabu kama waendelee kupima. Clement hajageuza hata shingo. Mama, anauliza, tayari?

Zote tatu nimeshapiga. Nimemwambia bado.